Mpiga Picha wa Visogo

Mjomba wetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kitinda mimba wa seremala na mkunga. Mama yangu, dada yake, anasema alichelewa kusema, na alipoanza alitoa sauti nzito iliyowashtua wageni.

Baada ya sekondari alisomea upigaji picha za eksirei, akahitimu mwaka 1974. Chuoni mwalimu mmoja aliwaambia jambo ambalo hakulisahau: jicho la mtoto ni changa, na mionzi ikilizidi, ukungu unaweza kulifunika miaka mingi baadaye, wakati hakuna anayeikumbuka ile picha. Lakini picha ya kichwa ikipigwa kutokea kisogoni, macho hupata mionzi michache zaidi.

Alifanya kazi hospitali moja hadi alipostaafu mwaka 2011, na watoto aliwageuzia ukutani. Ili watulie na picha isirudiwe, alichora mjusi kwenye kibao kilichokuwa mbele ya pua zao. Tuseme ukweli, mjusi yule alifanana na kijiko chenye miguu. "Tulia," alisema kutoka nyuma ya kioo. "Mtazame mjusi. Usipumue."

Waliingia wakilia, nyuso zimezama vifuani mwa mama zao, wakatoka mbio. Muuguzi mmoja alimtania kwamba watoto wa mji mzima wamepita mikononi mwake na hakuna anayemsalimu njiani. "Wakinijua mimi watapata nini?" alijibu. "Macho hayo wayatumie mpaka uzeeni."

Siku moja kwenye foleni ya mkate alimwambia mtu aliyekuwa akisukuma, "Tulia." Mtoto aliyekuwa mbele yake akageukia ukuta na kubana pumzi. Mjomba alicheka njia nzima. Alitusimulia kisa hicho kila tulipokutana, nasi tulijifanya hatujakisikia.

Mwaka 1979 alimwoa fundi cherehani. Hawakujaliwa mtoto. Mkewe alipofariki mwaka 2014, Mjomba alianza kunipigia simu kuniuliza saa, na saa alikuwa nayo mkononi. Alikuwa mpweke sana.

Alianza kuugua moyo Novemba 2023. Akiwa wodini, mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akihangaika kwa kuogopa sindano. Mjomba akamwambia, "Tulia, bwana. Mtazame mjusi." Muuguzi aliyeshika sindano aliiweka chini, akaja kumtazama usoni.

"Kumbe ni wewe, Babu? Nilianguka ngazini nikiwa darasa la kwanza. Sikuwahi kukuona."

"Mimi nilikiona kisogo chako," Mjomba akasema. "Kilikuwa na nundu."

Tangu hapo muuguzi huyo alipitia kitandani kwake kila zamu ilipoisha. Ndiye aliyekuwa naye asubuhi ya tarehe 2 Juni 2024, Mjomba alipofariki.

Ameacha dada mmoja, mimi mpwa wake, na watoto wengi ambao sasa ni watu wazima na hawaijui sura yake. Kama uko hapa, na uliwahi kumtazama mjusi yule, jeneza bado liko wazi. Pita mbele umwone.

Mungu akupe pumziko jema, Mjomba. Tulia.