Fundi Waya na Visanduku Vilivyojificha

Tarehe thelathini Juni, Fundi Waya atavua ovaroli yake kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia gereji yetu kwa miaka ishirini na tisa.

Alianza kwa kubadilisha balbu na kuchaji betri. Magari yalipoanza kuja na kompyuta, wengi waliyakimbia, yeye akayasogelea. Kazi yake ikawa kutafuta visanduku vinavyoongoza injini, gia na breki, ambavyo kila kiwanda huvificha kinapotaka: nyuma ya dashibodi, chini ya kiti, hata kwenye buti kando ya tairi la akiba. Wenzake humtania kwamba hutafuta miwani aliyoivaa, lakini kisanduku hakimpotei.

Kimoja kilimpotea. Mkunga mmoja alileta gari lililogoma kubadili gia, na jioni hiyo mama mjamzito alikuwa akimsubiri ng'ambo ya mji. Fundi Waya, aliyelizoea toleo la zamani la gari hilo, alifungua dashibodi karibu yote asikute kitu. Mkunga aliporudi, gari lilikuwa limebaki mifupa. Fundi hakumsingizia mtu.

"Dada, hapa nimekosea mimi," alisema mbele ya gereji nzima.

"Fundi wee! Umempasua mgonjwa kifua, kumbe labda anaumwa mguu," mkunga akamjibu. "Mbona hukuniuliza? Kila ninayempakia hapo mbele analalamika soksi zinalowa."

Fundi akafunua zulia upande wa abiria. Kisanduku cha gia kilikuwa humo, kimelowa chapachapa. Alikikausha, akasafisha plagi zake, gari likaitika. Mkunga aliondoka mbio, vifuniko vya dashibodi vikiwa kiti cha nyuma, akafika kwa wakati. Kesho yake alipiga simu: mtoto wa kike, na mama mzima.

Tangu hapo, kwenye gereji yetu hakuna anayeshika bisibisi kabla ya kumsikiliza mwenye gari. Na Fundi Waya akipata kisanduku, hafungi mpaka ametuita wote tuone kilipokaa, hata sisi tuliotoka shule juzi tu. Ndiyo maana anatuachia huzuni, lakini hatuachii hofu.

Asante sana, baba, kwa kila mara uliyotuita. Nenda kapumzike na mama nyumbani, afya iwe tele na mikono ikae safi. Maisha yako yawe mema.