Sakafu ya Moto Iliyomtunza Numbi

Jina la Bwana litukuzwe, ndugu zangu. Mimi ni Mama Numbi, mke wa mwalimu wa hesabu hapa Kamina, na nimesimama kumshukuru Mungu kwa ajili ya sakafu. Anayetaka kucheka acheke, ila anisikilize kwanza.

Miaka ile ya vita tulipanga nyumba iliyojengwa na Mzungu mmoja, kwenye njia ya kwenda Base, kambi ya jeshi. Mke wake alikuwa na miguu mibovu, basi akamtandikia nyaya za umeme chini ya sementi ya chumba cha kulala. Ukiwasha, sakafu inapata joto. Sisi hatukuwahi kuiwasha. Nyumba zetu za mstari mzima zilikuwa kwenye waya mmoja, na kila juma tuliwapelekea mafundi wa umeme unga wa mahindi, maana pesa ya siku zile ilikuwa inaoza mfukoni. Mwenye taa tu alitoa meka moja, lile kopo la kupimia. Mwenye resho, jiko la umeme, aliongeza. Mwenye sakafu ya moto angetoa nini?

Baridi ilipokuwa kali nikajifungua Numbi kabla ya wakati. Ngozi yake ilionyesha mishipa yote. Hospitalini mashine ya kuwatunzia watoto joto ilikuwa imeharibika, na kwa sababu ya vita vipuri havikufika. Muuguzi akaniambia, “Mama, rudia naye ku nyumba. Umuweke fasi ya moto. Lakini mbabula ya makala hapana, moshi itamuua.” Alisema jiko la makaa.

Nyumbani mume wangu akachukua chaki, akapiga hesabu palepale juu ya sementi. Sakafu ikiwaka mchana na usiku, ingetaka unga mwingi kuliko tuliokula nyumba nzima. Akawatazama watoto wetu wakubwa watatu. “Tukiwasha hii, hawa batakula nini?”

Ndugu zangu, nililia. Nilimwambia Mungu maneno ambayo sitayarudia hapa kanisani, naye hakunipiga.

Sasa, kwenye waya wetu kulikuwa na desturi. Huwezi kuongeza kitu kikubwa bila kusimama kwenye kila mlango na kusema, kwa kuwa ukizidisha, fyuzi ya wote inaungua. Mume wangu ni mtu wa kujiheshimu, kuomba kunamchoma. Alikwenda hivyohivyo, kofia mkononi. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Mama Bibiche, mke wa askari aliyetoka Mbandaka, ambaye tulikuwa hatusalimiani kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo.

“Mwalimu,” akamwambia, “weye unapiga hesabu ya nyumba moja. Sisi wote tuko ku waya moja. Leo resho yangu itapumzika.”

Kabla ya saa sita mchana mstari mzima ulikuwa unapika nje kwa makala, na mlangoni kwangu wanawake wakimwaga unga, meka baada ya meka. Tukawasha. Nikamlaza Numbi kwenye mkeka, mkono wangu chini yake kupima joto. Miguu yake iliyokuwa na rangi ya majivu ikarudi kuwa miguu ya mtu. Haleluya!

Tena Mungu ana utani. Sementi ikishashika joto hailiachi upesi, hata ukizima. Mwalimu wetu alikuwa amesahau hilo! Unga ukabaki. Akataka kuurudisha, Mama Bibiche akakataa: “Unga ya mutoto hairudiake. Mama yake akule, maziwa itatoka wapi?”

Numbi ndiye yule anayeimba sauti ya kwanza pale kwaya, mwenye kulalamika kila Jumapili kwamba kanisa lina joto.

Ndugu yangu unayepiga hesabu na kuona haitoshi, sisemi umekosea. Yetu pia haikutosha. Mungu hakutushushia unga kutoka mbinguni, alitutoa aibu na kutupeleka mlangoni kwa mtu tuliyegombana naye. Mtumaini Mungu huyo, kisha nenda ukabishe hodi.