Harub bin Aflah na Kikombe Kilichorudi Kimejaa

Tumekwisha kumshukuru Mola, sasa tumtaje mtu wetu. Kaka yangu Harub bin Aflah aliacha wasia kwamba wasifu wake niusome mimi, mdogo wake Muatasim, hapa matangani Mabela, Maskati, siku ya tatu. Mimi mtu wa shaka tangu utotoni. Nilipoambiwa wasia huo nilijua ana lake jambo.

Marehemu alizaliwa Wete, Pemba, tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa kwanza wa Bi Fajr. Alisoma Wete, kisha Unguja kwa masomo ya ualimu. Alifundisha hesabu miaka kumi na minane, na hakukubali jibu la mwanafunzi mpaka aione njia. Mwaka 1981 alimuoa Bi Nasriya, ambaye yumo ndani kwenye eda na anatusikia.

Mwaka 2000 alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Alikaa vipindi viwili, akahangaikia maji ya bomba mpaka yakafika vijijini. Mwaka 2010 alikwenda Dodoma, Bunge la Muungano. Hotuba zake zilikuwa nzuri, na mimi huku Maskati nikizisikiliza nikijiuliza nani anamwandikia.

Tarehe 2 Februari 2015 nilikuwa likizo Wete. Mchana ule wabunge wenzake wanane walikuja nyumbani kwake kukubaliana nani wamchague kiongozi wao. Kahawa niliimimina mimi. Kwetu mnajua, asiyekunywa kahawa ya makubaliano hajakubali. Wanane walikunywa. Kikombe cha Harub nilikirudisha jikoni kimejaa.

Kura ilipigwa kwa siri wiki ile ile. Walioahidi, pamoja na Harub, walikuwa tisa, zikatoka kura nane, na mtu wao akaanguka kwa kura moja. Kila mtu akauliza nani kageuka. Mimi nikasema, "Harub hakunywa kahawa." Nilisema kwa watu wawili tu. Wiki ya pili mji mzima unajua, na uchaguzi uliofuata chama hakikumpitisha tena.

Alihamia hapa mwaka 2016, kwa mwanawe Hatem. Maneno yakamfuata. Soko la Mawaleh, akiwa anachagua ndizi mbichi, watu wa kwetu walikuwa wakinyamaza akikaribia. Hakujitetea hata siku moja, na mimi nikaona kunyamaza kwake ndio ushahidi wenyewe.

Mwaka huu figo zilimshinda. Mwezi wa Agosti, hospitali, muuguzi alimletea maji ya matunda akayakataa. Bi Nasriya akasema, "Usimlazimishe, mwanangu. Leo Jumatatu. Huyu Jumatatu hali mchana tangu kanioa, ila hapendi watu wajue."

Nilitoa simu nikatafuta tarehe 2 Februari 2015. Ilikuwa Jumatatu.

Nikamuuliza, "Kaka, kwa nini hukusema kama umefunga?"

Akasema, "Nngesema, wangemtafuta mwengine. Mie nna mgongo mpana, Muatasim. Huyo mwengine nlikuwa simjui, yumkini ana watoto wadogo."

"Na aliyesema habari ya kahawa, ulimjua?"

"Si wewe uliyemimina?" Akacheka kidogo, akanishika mkono.

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, alfajiri, akazikwa siku hiyo hiyo. Ameacha mjane, Bi Nasriya, watoto, Hatem, Bashayer na Nawar, wajukuu saba, na mdogo mmoja, mimi.

Desturi yetu ni familia kuwaomba watu wamsamehe marehemu. Siku tatu hizi nimekuwa nikizitazama nyuso zenu, hasa ninyi wabunge wenzake mliosafiri kuja, kila mnapopokea kahawa, nikitafuta nani aliigeuza ile kura. Nimeacha. Mwenyewe hakutaka atafutwe. Wala sitawaomba mumsamehe Harub, maana aliyekosewa ni yeye. Maneno yale yalitoka kinywani mwangu, na leo nayafuta mbele yenu nyote.

Kaka, nimesoma kama ulivyoagiza. Nisamehe. Mola akulaze pahala pema.