Mzee Yoramu Lugembe na Ugonjwa Alioumezea kwa Heshima ya Mkwe

Ndugu waombolezaji, mimi ni Marko, mtoto wa kwanza wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu, Mzee Yoramu Lugembe, na kilichomuua nitakitaja wazi.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1912 hapa Usoke, akasoma shule ya misheni hapa hapa kuanzia 1922 hadi 1926, na mwaka 1931 aliajiriwa na reli kule Tura, akatengeneza njia na kubadilisha mataruma yanayolazwa chini ya reli hadi alipostaafu mwaka 1967, na hata alipokuwa anakula, treni ikipita aliinuka kuitazama.

Tarehe 12 Agosti 1936 alifunga ndoa na mama yetu, Nyamizi, wakajaliwa watoto wanne, na binti yao Koleta aliolewa na Jilala, ambaye mwaka 1974, tulipohamia kijiji cha ujamaa, aliletwa kuwa mganga wa zahanati yetu, jambo lililotufurahisha wote isipokuwa baba.

Maana mwaka huo huo tezi dume ilimvimba, mkojo ukawa unatoka kwa shida, na kwa desturi yetu mkwe hatajiwi mambo ya chini ya kiuno, basi baba akanyamaza, akatuambia ni mgongo tu, kazi ya reli, hadi tarehe 2 Mei 1976 mkojo ulipofunga kabisa, tukamkimbiza hospitali mjini Tabora.

Madaktari, ambao walikuwa wakipima damu za wagonjwa wao kabla na baada ya upasuaji na kuzilinganisha, walitueleza kwamba kuitoa tezi kwa kupasua tumbo humwaga damu nyingi, na kupitisha chombo katika njia ya mkojo humwaga kidogo, lakini maji ya kusafishia huweza kuingia mwilini yakapunguza chumvi ya damu, na kwa kuwa tezi ya baba ilikuwa kubwa mno, wakachagua tumbo. Damu ilishuka sana, akahitaji kuongezewa, yangu haikupatana na yake, iliyopatana ni ya Jilala, akaitoa hapo hapo, na baba akageukia ukutani akilia. Lakini figo zilikwisha kuharibika siku nyingi kwa mkojo uliozuiliwa, akafariki tarehe 19 Juni 1976, na inatuuma, kwa sababu angesema mapema tungekuwa naye. Wazee mnaonisikia, msione haya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi matangani, wenzake wa reli mliotoka Tura, na wewe shemeji Jilala, uliyeketi nyuma kabisa kama mkwe anavyopaswa, baba aliagiza kwa kinywa chake kwamba jeneza lake ulishike wewe, mbele, mahali pa mtoto wa kwanza, nami nimekuachia, basi inuka uje.

Baba, pumzika kwa amani.