Hawakuwa Maharusi

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu la mbao, limeegemezwa kwenye ukuta wa kinyozi, na mguu wake mmoja umefungwa waya tangu siku wanene watatu walipolikalia kwa pamoja. Muuza kahawa huweka birika lake upande wa kivuli. Upande wa pili, hatua mbili tu kutoka benchini, kuna cherehani ya Shangazi. Shangazi si shangazi wa mtu yeyote pale. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu huwavuta watu masikio kwa maneno bila kunyanyua macho kwenye kazi yake. Kwa miaka kumi na tano ameshona hapo huku akisikiliza serikali zikiangushwa, timu zikipangwa upya na wagonjwa wa watu wakitibiwa kwa mdomo. Kwa kawaida huacha yapite. Siku hiyo Profesa akaja na gazeti.

Profesa ni fundi redio. Cheo alipewa na benchi, kwa kuwa hajawahi kuonekana bila kitu cha kusoma.

— Leo tumeandikwa, alisema, akilikunjua gazeti juu ya magoti. Ukurasa mzima. "Maharusi wa Jini."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwisho wa barabara ile kuna kiwanda cha nguo kilichokufa zamani, na chumba chake cha kushonea bado kina kuta nyeusi. Miaka arobaini na moja iliyopita wanawake kumi na saba waliungua humo, mchana kweupe. Mtaa husema waliposwa na jini la mtambo.

— Soma basi, alisema Dereva, mzee aliyestaafu malori lakini bado anakaa ameikunja mikono kama ameshika usukani.

— Wanasema jini lilidai wanawake kumi na saba ili mashine zisiharibike. Siku ilipofika, wale wanawake wakaanza kuimba. Wakaingia motoni wenyewe, wanacheza.

— Hapo wamekosea, alisema Dereva. Jini halikuwa la hapa. Lilikuja ndani ya kreti pamoja na mashine. Mimi nilimjua aliyeyabeba makreti hayo. Moja lilikuwa zito kuliko mengine na lilikuwa linahema.

— Linahema vipi, mzee? aliuliza kinyozi kutoka mlangoni, mkasi mkononi.

— Linahema. Kama mtu aliyepanda ngazi.

— Mimi nilisikia yalikuwa mawili, alisema kinyozi. Mume na mke. Mume alikubali wanawake kumi, mke kwa wivu akaongeza saba ili wote wamalizike. Na meneja alikuwa na mkataba nao. Ndiyo maana hakuwahi kuvua soksi mbele za watu.

— Soksi zinaingiaje hapo?

— Kwato, bwana. Unataka nikuchoree?

Muuza kahawa alicheka mpaka kikombe kikamwagika. Profesa, asiyependa kupitwa katika hadithi aliyoileta mwenyewe, aliinua kidole.

— Na wale wanawake hawakufa. Majivu hayakufanana na ya watu. Walihamishwa, wakaolewa huko kwa majini, wana watoto na wajukuu. Ndiyo maana ukipita pale mchana unasikia cherehani.

Cherehani iliyosikika wakati huo ilikuwa ya Shangazi. Ikanyamaza.

— Nani aliwaona wakicheza? aliuliza.

— Imeandikwa hapa, Shangazi.

— Sikuulizi kilichoandikwa. Nakuuliza, nani aliwaona.

Profesa akatazama gazeti kana kwamba jibu lilikuwa pembeni ya ukurasa. Shangazi alisukuma kiti nyuma. Kwa miaka kumi na tano alikuwa amemeza hadithi hii kila ilipopita, akijiambia kwamba ni wanaume tu, na kahawa tu. Lakini wanacheza? Wana wajukuu?

— Mmoja wa hao maharusi wenu alikuwa mama yangu, alisema. Alikuwa anashona tundu za vifungo. Mia mbili kwa siku. Kidole chake hiki kilikuwa kigumu kama ukwato, kinyozi, kama kwato ndizo unazozitafuta.

Kinyozi akaushusha mkasi.

— Nilikuwa na miaka tisa. Kila adhuhuri nilimpelekea chakula, kwenye kopo. Sikupita getini, nilipita nyuma, kwenye dirisha la nondo. Anatoa mkono, anachukua kopo, ananifinya shavu, basi, anarudi kazini. Mlango wa chumba chao ulikuwa unafungwa tangu asubuhi mpaka jioni. Mnajua kwa nini? Kulikuwa na vipande vya mabaki ya kitambaa, vidogo hivi, vya kutupwa. Wanawake walikuwa wakivifunga kiunoni na kwenda kuwavalisha watoto wao wachanga. Wakubwa wakasema huo ni wizi.

— Hatukujua, Shangazi, alisema Dereva.

— Hamkuuliza. Kreti linalohema mnalijua. Siku ile nilifika, dirisha linatoa moshi na limejaa mikono. Mikono mitupu, mzee, imepita kwenye nondo mpaka begani. Niliujua wa mama kwa kile kidole. Hakuimba. Aliniambia, "Mwanangu, kaite mtu afungue." Sauti ya kawaida kabisa, kama ananituma chumvi. Nikakimbia getini. Mlinzi akasema yeye ni wa geti, hahusiki na vyumba vya ndani. Nikakimbia ofisini. Karani akaniambia nikae kwenye kiti, wakubwa wamekwenda kula.

Shangazi alikigusa kiti chake.

— Nikakaa. Ndicho kinachoniuma mpaka leo. Niliambiwa nikae, nikakaa, kwa sababu nilikuwa mtoto mwenye adabu. Nilipochoka kukaa nikarudi dirishani. Hakukuwa na mkono tena.

Muuza kahawa alikuwa ameshika birika hewani, hajui aliweke wapi.

— Hatujamaliza wiki ya msiba, Shangazi aliendelea, na sauti yake sasa ilikuwa imepanda, jini limeshafika. Sijui lilitoka wapi. Jana yake watu walikuwa wanasema mlango, mlango. Leo wanasema jini. Watoto wenzangu wakakatazwa kucheza na mimi. Mtoto wa bi harusi. Nilipokuja kuposwa, wakwe zangu waliuliza kwanza kama yule baba yangu wa kambo, hilo jini, hatakuja kudai mahari. Walidhani wanatania. Kumi na saba, hakuna aliyeshitakiwa hata mmoja. Utalishitaki vipi jini?

Dereva alikuwa amekunjua mikono yake na kuilaza mapajani.

Ndipo wakamwona yule dada aliyesimama nyuma ya muuza kahawa. Alikuwa na viatu vizito vyenye vumbi la chokaa, futi ya kupimia ikining'inia kiunoni, na kikombe cha kahawa ambayo hakuwa ameinywa.

— Samahanini, alisema. Shikamoo, mama. Mimi ni mgeni, nimekuja na watu wa kubomoa. Siku tatu hizi napima kile kiwanda.

— Marahaba, alisema Shangazi.

— Sikuwa nasikiliza kwa makusudi. Lakini kuna kitu kilinisumbua tangu juzi, nikadhani nimekosea kuchora. Fremu ya mlango wa chumba kile ni ya chuma, bado ipo. Komeo liko nje. Pete ya kufuli iko nje. Kwa ndani hakuna hata kishikio cha kuvuta. Kwa hiyo anayosema mama ni kweli, mtu anaweza kwenda kuyaona sasa hivi.

Akawatazama mmoja mmoja, kwa heshima, kama mtu anayeuliza njia.

— Sasa, nani alikuwa anafunga?

Swali lilikuwa dogo kiasi kwamba Dereva alifungua mdomo mara moja kulijibu, kisha akaufunga. Kinyozi alimtazama muuza kahawa. Muuza kahawa alitazama makaa. Shangazi mwenyewe, aliyebeba siku ile maisha yake yote, aligundua kwamba amemlaani mlinzi, na karani, na wakubwa waliokwenda kula, lakini ule mkono uliosukuma komeo asubuhi ile hakuwahi kuupa uso.

Profesa alikuwa amelikunja gazeti, akalikunja tena, mpaka likawa dogo kama bahasha.

— Msimamizi wa chumba kile alikuwa baba yangu, alisema.

Hakumtazama mtu.

— Tulikuwa tunakaa ng'ambo ya pili ya mji. Huku nilikuja mtu mzima, sikuona sababu ya kusema. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Siku ile alirudi nyumbani mapema, akakaa chini sakafuni, na viti vipo. Akaniambia ni jini. Mimi ni mtoto, baba yangu ananiambia ni jini, nitasema nini?

— Alifunga yeye? aliuliza Shangazi. Hakupaza sauti.

— Ufunguo alikuwa nao. Niliwahi kuushika. Lakini kama aliamrishwa au aliamua mwenyewe, na alikuwa wapi moto ulipowaka, sijui, Shangazi. Wallahi sijui. Kila nilipomuuliza alinipa lile jini, na kila mara lilikuwa limenenepa zaidi. Mpaka anakufa.

Shangazi alimtazama mtu huyu aliyemtengenezea redio mara tatu bila kumtoza, aliyemshikia mwavuli siku alipokuwa akifunika mashine mvua isiiloweshe. Alitaka kumchukia na hasira ilikuwepo, tele, lakini ilikuwa inamtafuta mtu mwingine. Alifikiria mtoto mmoja kwenye kiti cha ofisini, na mwingine mbele ya baba aliyekaa sakafuni. Wote wawili walikuwa wametii.

— Kesho asubuhi tunaangusha ule ukuta wenye mlango, alisema yule dada taratibu. Ripoti yangu ina mahali pa kueleza historia ya jengo. Ofisini kwetu wameniambia niandike kwamba watu wa hapa wanaamini kuna jini. Niandike nini?

— Andika komeo lilikuwa nje, alisema Shangazi. Andika wanawake kumi na saba walikuwa ndani, kazini, mchana. Kesho nitakuja kabla hamjaangusha, nikutajie majina ninayoyajua. Mahali pa jina la aliyefunga usiweke jini. Paache wazi, kila atakayesoma apaone kwamba pako wazi.

Yule dada mpima akatoa daftari, akajipapasa mifukoni akitafuta kalamu, hakuipata.

Profesa akampa yake.