Mzee Pazi, Aliyenusa Pumzi Zetu Miaka Kumi na Mitatu

Leo, tarehe 31 Machi 1913, Mzee Pazi bin Kibwana anakabidhi ufunguo wa Nyumba ya Matunzo hapa Morogoro, baada ya kuutumikia mlango wake miaka kumi na mitatu. Aliingia kazini mwaka 1900, njaa ikiwa bado haijatuachia. Wakati huo Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja, sufuria mbili na Bwana Daktari mwenye hasira.

Kwa wageni waliofika leo, nieleze kazi yenyewe. Boma hutoa nafaka, na duka la Bwana Hasanali huongeza mchele na chumvi, kwa ajili ya wajane, vilema na wapagazi waliochakazwa na mizigo. Lakini Bwana Daktari aliweka sharti. Kila Jumamosi, kabla ya kupokea posho, mtu apulize pumzi mbele ya Mzee Pazi. Akinuka pombe, anaingia wodini siku arobaini kwa uji, maji baridi na jembe, atake asitake, na posho ya nyumbani kwake inasimama mpaka atoke. Kwa hiyo pua ya Mzee Pazi ndiyo iliyokuwa ikiamua watoto wa nani wale na wa nani walale njaa. Watu wakaiita Pua ya Serikali. Mwenyewe alicheka, ila hakulipenda jina hilo.

Ilikuwa pua hodari kweli. Aliweza kutofautisha pombe ya mtama na dengelua ya miwa mtu akiwa bado hatua tatu. Mimi mwenyewe, karani Gabrieli, siku moja alinirudisha nyumbani asubuhi nikapige mswaki, na sitasema zaidi.

Hata hivyo pua hodari nayo hukosea. Mwaka 1904 Bibi Mosi aliteremka kutoka milimani kuchukua posho ya wajukuu wake wanne, ambao mama yao alikwisha fariki. Alinuka pombe tangu kilemba hadi miguu. Mzee Pazi akatikisa kichwa, na bibi wa watu akaingizwa wodini. Alisema neno moja tu: "Nimeipika, mwanangu, sijainywa." Wangapi walikwisha sema hivyo! Hakuna aliyemsikiliza.

Siku ya sita Mzee Pazi alipanda mlimani kwenye msiba, na huko akaambiwa kwamba Bibi Mosi ndiye mpishi wa pombe ya tambiko katika ukoo wao. Kwa desturi yao, anayeipika haionji hata tone, maisha yake yote. Ile harufu ilikuwa ya kaniki na mikono. Akawakuta na wale wajukuu, wamekonda, wanakula mizizi ya kuchemsha kwa jirani. Alishuka siku hiyo hiyo, akaenda moja kwa moja kwa Bwana Daktari na kusema kwamba kosa ni lake. Mnajua kosa la namna hiyo lilikuwa na bei ya viboko ishirini na vitano. Kwa kuwa alikiri mwenyewe, alipata kumi na viwili. Bibi Mosi akatoka na posho ya wiki mbili, na tangu hapo ikawa sheria kwamba watu waoge na wavae shuka safi kabla ya kupuliza.

Baada ya hapo Mzee Pazi alibadilika. Kila Ijumaa alizunguka vijijini na vilabuni, akaamkia wazee, akaketi, akasikiliza. Dadi, mpagazi mwenye mguu mbovu, alikuwa amekwisha ruka ua wetu mara mbili akitoroka wodini, na mkewe Furaha alikuwa akilia kwa posho iliyosimama. Mzee alimpelekea Furaha unga kutoka kwenye posho yake mwenyewe, akamwambia Dadi achague mwenyewe siku ya kurudi wodini. Jumamosi moja Dadi akaja na mkeka wake kwapani, akajifungia mwenyewe. Leo ana mwaka wa tano hajaonja, na ndiye aliyesuka vikapu mnavyoviona hapa mezani.

Sasa niseme jambo ambalo sisi wenyewe tumelijua Jumanne iliyopita. Nalisema bila hofu, kwa kuwa Bwana Daktari haelewi Kiswahili zaidi ya majina ya magonjwa, na barua ya Mzee ya kustaafu imekwisha pigwa muhuri. Maharage ya Mwaisha, mpishi wetu, yaliungua jikoni hadi majirani wakaja na ndoo. Mzee Pazi alikuwa amekaa upande wa pili wa ukuta, akauliza kuna nini. Tulipomkazia macho, akacheka, akakiri. Mwishoni mwa 1907 alisimama kwenye mvua kutwa nzima kungoja gari moshi la kwanza kutoka Ngerengere. Akapata mafua, na mafua yakaondoka na pua. Tangu siku hiyo hajasikia harufu ya kitu chochote.

Zaidi ya miaka mitano! Na katika miaka hiyo hiyo Bwana Daktari aliandika kila ripoti kwamba pua hii haikosei. Kumbe Jumamosi alikuwa akiamua kwa yale aliyoyaona na kuyasikia Ijumaa. Alinyamaza kwa nini? Alisema aliogopa ataletwa mgeni mwenye pua kali asiyemjua mtu hata mmoja. Nikifikiria viboko ambavyo vingemrudia kama angegundulika, nasema tu: Alhamdulillahi, amemaliza salama.

Mzee wetu, asante kwa kila mlango uliobisha hodi Ijumaa, na kwa kila sufuria iliyochemka kwa sababu yako. Mungu akupe afya, mvua kwa wakati na migomba isiyoanguka.

Bwana Daktari anatafuta pua mpya. Mwaisha amemwambia hasikii ila vitunguu, mimi nimeshikwa na mafua ghafla, naye Dadi amesema harufu ile anaijua mno, asijaribiwe. Mpaka apatikane mtu, posho itatolewa kwa wote bila kupuliza. Nenda kwa amani, Mzee Pazi, nasi utuombee mema yote, ila usituombee pua.