Mama Mkwe na Lifti ya Ghorofa Kumi na Mbili

Asubuhi ile benchi la nje ya duka la vipuri vya baiskeli lilijaa mapema, maana habari ilikuwa imeshatangulia: jana Ramani alimtembeza mama mkwe wake mjini, na mambo hayakwenda vizuri. Ramani ni fundi cherehani, na jina hilo alilipata kwa kujigamba kwamba mji mkubwa anaujua kama kiganja chake. Leo alishika kikombe cha kahawa bila kunywa, macho mekundu, akitazama vidole vya miguu yake. Kulia kwake alikaa Daktari, mwenye duka, ambaye hajawahi kutibu hata paka lakini hakuna ugonjwa asioujua. Kushoto alikuwepo Spika, dalali wa vyumba, mtu asiyejua kunong'ona. Birika lilikuwa mkononi mwa Shangazi, muuza kahawa.

— Haya, mmeona nini? aliuliza Spika. Makumbusho?

— Hatukufika.

— Bustani ya wanyama?

— Hatukufika.

— Basi mlipotea!

— Bora tungepotea, alisema Ramani. Tumeshinda kwenye lifti.

Shangazi akasahau kumimina.

Ramani akaeleza yaliyomkuta. Alitaka kuanzia juu ya lile jengo refu la ghorofa kumi na mbili, mama auone mji wote kwa mkupuo mmoja. Wakaingia kwenye lifti. Mama akawasalimia waliomo, mmoja mmoja, akauliza hali za nyumbani kwao. Wale watu waliokuwa wamenuna wakitazama mlango, wakaanza kujibu. Kufika juu, mama akachungulia nje, akasema kuna upepo, akarudi ndani.

— Nikamwambia, mama tushuke basi. Akanijibu, "Nishuke niende wapi, na watu wenyewe wanaletwa mpaka hapa mlangoni?" Tukapanda, tukashuka, mpaka mlinzi akaja kutuambia jengo linafungwa. Meneja mzima alimshikia mkoba! Dada mmoja alimwambia habari za uchumba wake mpaka akapitiliza ghorofa yake.

— Nyumbani je? aliuliza Shangazi.

— Hapo ndipo penye kazi. Mke wangu akauliza mmeona nini, mama akaangua kicheko. Wakajifungia chumbani, wakacheka mpaka usingizi ukanikimbia. Huyu mama hajawahi kunicheka, jamani. Akirudi kwao atauambia ukoo mzima kwamba mkwe wake kamfungia kabatini kutwa nzima.

— Sio kucheka huko, alisema Daktari. Ni ini. Ukipandishwa ghafla, ini linabaki chini. Ukishushwa, linabaki juu. Sasa hivi mama yuko hapa, ini lake liko ghorofa ya nane.

— Ondoa uongo wako! alifoka Spika. Lifti haipandi kabisa. Ni chumba tu. Mlango ukifungwa, wenye jengo wanabadilisha watu wa nje haraka haraka, wanapaka na ukuta rangi nyingine.

— Kumbe ndiyo maana haina dirisha! alisema Daktari, akiliacha ini huko huko.

— Na ule mtikisiko? aliuliza Ramani.

— Kuna mtu chini anatikisa, alisema Spika. Ameajiriwa.

— Anatikisa kwa mikono?

— Kwa mgongo. Ndiyo maana ikijaa sana inagoma. Mgongo umechoka.

Ramani alisikiliza akiwa nusu anaamini, maana mtu aliyekosa usingizi haombi ushahidi. Ndipo akasikia viatu nyuma yake. Alipogeuka, kikombe kilimponyoka.

Mama mkwe alikuwa amesimama pale, kavaa nguo za kutokea, mfuko wa karanga begani.

— Shikamoo mama, walisema wote, wakisimama kama wanafunzi.

— Marahaba wanangu. Kaeni, kaeni. Akamgeukia Ramani. Mkwe, nimekungoja nyumbani mpaka nimechoka. Sijafurahi vile tangu nizaliwe. Lakini ile ya jana nimeimaliza, watu wake wote nawajua. Nasikia hapa ndipo wanapokaa wanaoujua mji. Hebu niambieni, lifti nyingine nzuri iko wapi?

Daktari akakuta kazi kwenye kifungo cha shati. Ramani akamtazama Spika, Spika akatazama birika.

— Spika, alisema Shangazi, si umesema unajua mpaka anayetikisa?

— Kusema kweli... Spika alinong'ona, na ilikuwa mara ya kwanza kijiwe kusikia hivyo. Mimi sijawahi kuipanda.

— Wala mimi, alisema Daktari.

— Wala mimi, alisema Shangazi, akimwaga masalio ya kahawa mtaroni.

Mama mkwe akawaangalia kwa huruma ya kweli, kama mtu aliyekuta watoto hawajala.

— Mkwe, alisema, washike mikono hawa, tusije tukawapoteza barabarani.

Daktari akafunga duka.